Sarafu yenye kosa la kiwanda: lini inafaa kulipia uthibitisho?



Wiki tatu zilizopita mudogo wangu wa Bukavu alinitumia picha ya sarafu kwa WhatsApp. Ilikuwa senti moja ya Marekani, ya mwaka 1994. Aliikuta ndani ya mfuko wa suruali ya jinzi alipokuwa anafungua balo. Yeye alimaliza masomo ya uchumi mwaka juzi, kazi ya ofisi haijapatikana, sasa anauza suruali za mitumba kule Kadutu. Chini ya picha akaandika hivi:

"Yaya, angalia tarehe, iko kama imeandikwa mara mbili. Mutu mumoja ananiambia hii ni kosa ya kiwanda, inafika dola 1,500. Anaomba tu dola 50 ya dosie, atume Amerika waithibitishe. Nilipe?"

Nikamjibu haraka: "Usilipe kwanza. Nipigie."

Wengine wenu pia mumeniuliza swali la namna hiyo, kwa sababu mnajua niko huku Ohio na nafanya kazi ya keshia dukani, sarafu zinapita mikononi mwangu kutwa nzima. Nimeona pia zile video: mtu anaonyesha senti moja, muziki unapiga, maandishi yanasema usitumie sarafu hii, ni ya maelfu ya dola. Basi leo nimeamua kueleza yote niliyojifunza. Na sehemu kubwa niliijifunza kwa kupoteza, nitawaambia bila kuficha.

Kwanza tuelewane juu ya jambo linalotushangaza sisi watu wa Kongo. Kwetu, noti ya dola ikiwa na mpasuko mdogo kama punje ya mchele, kambista anakurudishia. Kosa dogo linaua bei. Sasa mtu akikuambia kwamba sarafu iliyoharibika inauzwa zaidi ya ile nzuri, unafikiri anakuchezea. Lakini ni kweli, iko hivyo. Kwa wakusanyaji wa sarafu, kosa lililotoka kiwandani linaifanya sarafu iwe adimu, na kitu adimu kina watu wa kukitafuta. Shida iko kwingine: makosa mengi ni madogo, na makosa madogo hayako adimu.

Makosa yanatoka wapi

Kiwanda cha serikali ya Marekani kinatoa sarafu za kawaida huko Philadelphia na Denver, mabilioni kwa mwaka. Kazi yenyewe ni hivi. Bamba refu la chuma linakatwa visahani vya duara. Kisahani kinawekwa kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, mmoja wa upande wa kichwa na mwingine wa upande wa nyuma, ndani ya pete inayokishika. Mashine inabana kwa nguvu sana, sarafu inatoka. Mashine moja inapiga sarafu mia kadhaa kwa dakika. Kwa mwendo huo, kosa haliwezi kukosa.

Makosa yamegawanyika mafungu matatu. La kwanza ni la kisahani: kimekatwa vibaya kikaacha pengo kama mwezi, au kisahani cha sarafu nyingine kimeingia pasipo pake. La pili ni la muhuri: umepasuka, umemeguka kipande, umejaa grisi mpaka herufi hazitoki, au ulichongwa vibaya tangu mwanzo. La tatu ni la kupiga: kisahani hakikukaa katikati, picha ikaangukia pembeni, au pete haikukishika na sarafu ikapanuka kama chapati.

Kisha kuna fungu la nne ambalo haliko kosa la kiwanda hata kidogo, na ndilo linalodanganya watu. Sarafu iliyokanyagwa na gari, iliyozunguka miaka ndani ya mashine ya kukausha nguo, iliyomwagikiwa asidi, iliyopigwa nyundo juu ya sarafu nyingine. Hiyo imeharibika kisha kutoka kiwandani. Haina bei.

Mihuri ya biro ya kartiye

Kosa linaloulizwa zaidi ni maandishi yanayoonekana mara mbili, kama lile la mudogo wangu. Hapa kuna mambo mawili tofauti, na tofauti yake ni pesa nyingi. Fikiria muhuri wa biro ya kartiye, ule wa kugonga juu ya karatasi yako ya makazi.

Siku moja shefu anagonga, mkono unateleza kidogo, maandishi yanatoka na kivuli. Karatasi yako peke yake ndiyo iko hivyo. Ya mtu anayekufuata iko sawa, au imeteleza kwa namna yake. Kwenye sarafu tunaweza kusema ni kuteleza kwa mashine. Inatokea kila siku, kwa mamilioni ya sarafu. Bei yake ni bei iliyoandikwa juu ya sarafu: senti moja ni senti moja.

Lakini fikiria kwamba yule aliyechonga muhuri wenyewe aliandika jina la kartiye mara mbili, moja juu ya nyingine. Sasa kila karatasi itakayogongwa itakuwa na kosa lile lile, mahali pale pale, mpaka muhuri utupwe. Huo ni muhuri uliochongwa mara mbili. Wakusanyaji wanaliandika kosa hilo kwenye vitabu vyao, wanalipa namba, na wanalitafuta.

Namna ya kutofautisha kwa macho: chukua lupu, kile kioo kidogo cha fundi wa saa. Kwenye muhuri uliochongwa mara mbili, herufi ya pili iko mviringo na imenyanyuka kama ya kwanza, na kwenye pembe za herufi unaona mkato. Kwenye kuteleza kwa mashine, kivuli kiko bapa, kiko chini, kama ngazi, na kimekula unene wa herufi yenyewe.

Mfano mkubwa ni senti ya 1955 iliyopigwa Philadelphia. Muhuri mmoja ulichongwa mara mbili, maandishi yakatoka wazi hata bila lupu. Wakaguzi waliligundua, lakini sarafu zilikuwa zimekwisha kuchanganyika na nzuri, wakaziacha zitoke, zaidi ya 20,000. Nyingi zilionekana ndani ya paketi za sigara, kwa sababu mashine za kuuza sigara zilirudisha chenji ya senti mbili ndani ya paketi. Leo senti moja ya hizo, hata iliyotumika, inapita dola 1,000.

Na kuna ile ya 1943. Mwaka huo, kwa sababu ya vita, Marekani ilihitaji shaba kwa silaha, ikapiga senti za chuma. Visahani vichache vya shaba vilibaki mashinini vikapigwa na tarehe ya 1943. Mwanafunzi mmoja wa miaka 16 wa Massachusetts aliipata moja kwenye chenji ya kantini ya shule mwaka 1947, akaitunza maisha yake yote. Kisha kifo chake iliuzwa kwenye mnada, Januari 2019, kwa dola 204,000.

Habari hizi ni za kweli. Ndiyo maana uongo unauzika vizuri kando yake.

Uthibitisho ni nini hasa

Kuna makampuni yanayoangalia sarafu kwa malipo. Makubwa ni PCGS, iliyoanzishwa 1985, na NGC, ya 1987. ANACS ilitangulia zote, ilianza 1972. Unawatumia sarafu, mabingwa zaidi ya mmoja wanaiangalia. Wanajibu maswali matatu: Ni ya kweli? Hali yake ni pointi ngapi? Kosa lake ni la kiwanda na linaitwaje? Pointi zinaanzia 1 mpaka 70, ni mizani iliyobuniwa na Mmarekani William Sheldon mwaka 1949. Kisha wanaifunga ndani ya kisanduku cha plastiki kisichofunguka bila kuvunjwa, wanaweka karatasi yenye namba, na mnunuzi yeyote anaweza kuangalia namba hiyo kwenye intaneti.

Ni kazi nzuri, mimi siwasemi vibaya. Lakini sikilizeni wasichofanya. Hawainunui sarafu yako. Hawakuahidi mnunuzi. Hawaongezi kitu ambacho sarafu haina. Na ikiwa uliisafisha, wataandika kwamba imesafishwa na hawataipa pointi. Hapo nawaomba sana ninyi wa nyumbani: usiisugue kwa jivu na ndimu ili ing'ae! Wengi wameua sarafu nzuri kwa njia hiyo. Iache na uchafu wake.

Jambo lingine: kila kampuni iko na orodha ya makosa inayoyakubali. Kosa lako likiwa dogo sana, haliko kwenye orodha, sarafu inaweza kurudi ndani ya plastiki na maandishi ya kawaida tu: senti moja, mwaka fulani, pointi fulani. Kosa halitajwi. Na pesa uliyolipa hairudi, kwa sababu kazi ya kuangalia wamekwisha kuifanya.

Sarafu zangu sita

Sasa nifike kwangu. Mwaka wangu wa pili huku nilikuwa nimeshikwa na homa ya sarafu. Kila jioni nilikuwa nabadilisha noti za siku yangu ya mshahara kwa mirija ya sarafu ya benki, nakaa mezani na lupu mpaka saa sita ya usiku. Nikakusanya sita nilizoziamini. Na nilikuwa na dola 350 nilizoahidi kutuma Bukavu kwa minervali ya dada yetu mudogo, aliyekuwa mwaka wa pili wa chuo. Nikajiambia: niwekeze hizi kwanza, zitarudi mara tatu, nitamlipia mwaka mzima. Ninyi mliosoma hesabu mnaona tayari nilivyoanza vibaya, nilihesabu mapato mbele ya gharama.

Gharama zilikuwa hivi. Kila sarafu, pointi pamoja na kutaja kosa, dola 45, mara sita ni 270. Uanachama 25. Ada ya furushi 10. Kutuma kwa posta na bima 22. Kurudishiwa 28. Jumla 355. Ni bei za siku zile, zinabadilika kila mwaka na kila kampuni, lakini sehemu zake ni zile zile: watu wengi wanaangalia ile 45 na kusahau nyingine. Mimi pia nilisahau.

Kisha wiki nyingi zikarudi hivi:

Sarafu ya kwanza, senti 25 ya jimbo la Wisconsin ya 2004, ile yenye jani la ziada kwenye hindi. Kosa linajulikana, liko kwenye orodha. Ilithibitishwa. Niliiuza dola 85.

Ya pili, senti moja ya 1995, muhuri uliochongwa mara mbili, maandishi ya LIBERTY yana kivuli. Liko kwenye orodha. Lakini muhuri ule ulipiga sarafu nyingi sana na watu wengi walizitunza, na yangu ilikuwa imechakaa. Dola 24.

Ya tatu, senti moja iliyokaa pembeni kidogo, labda sehemu tano kwa mia. Ilithibitishwa. Dola 17.

Ya nne, senti ya miaka ya 1950 yenye kijistari kati ya B na E za LIBERTY, kama herufi I imeongezwa. Ni kipande kidogo cha muhuri kilichomeguka. Ziko nyingi mno. Yangu ilirudi bila kosa kutajwa.

Ya tano, senti 10 niliyoiamini kuliko zote, tarehe mara mbili. Kuteleza kwa mashine. Ilirudi kama senti 10 ya kawaida, imevalishwa plastiki nzuri.

Ya sita, senti moja yenye vipele juu ya uso wa Lincoln. Tangu 1982 senti ya Marekani iko zinki ndani, na shaba nyembamba tu juu yake. Hewa ikinasa chini ya shaba, inatoa vipele. Karibu kila mtu anazo. Hakuna kitu.

Kwa zile tatu nilizouza: 85 na 24 na 17 ni 126. Toa ada ya soko la intaneti, karibu 13 kwa mia, ni 16. Toa posta, dola 5 kwa kila moja, ni 15. Zikabaki 95. Nilitoa 355, nikarudishiwa 95. Nilipoteza dola 260.

Sikuwa na cha kutuma nyumbani. Siku ya mtihani dada yetu alifika mlangoni, jina lake halikuwa kwenye liste ya waliolipa, wakamrudisha. Aliingia sesioni ya pili, Mungu alimsaidia akapita. Lakini likizo yake yote ilikwenda kwa kusoma tena, na ile kazi ndogo ya likizo aliyokuwa ameahidiwa ilipewa mtu mwingine. Hakunilalamikia. Aliniandikia tu: "Yaya, si ungeniambia mbele, ningekopa kwa mama." Neno hilo niko nalo mpaka leo.

Mzee wa duka la sarafu

Baadaye nilipeleka vile visanduku kwa mzee mmoja mwenye duka dogo la sarafu mjini kwetu. Aliviangalia, akaniuliza nililipa ngapi. Nilipomwambia, hakucheka. Akasema: ungenijia mbele, ile ya Wisconsin ningekupa dola 60 hapo hapo, ile ya 1995 dola 10, ile ya pembeni 5. Jumla 75, bila kutoa hata senti mfukoni.

Akanionyesha kwa karamu namna ya kuhesabu. Chukua bei ambayo sarafu itauzwa ikiwa na uthibitisho. Toa ada ya kuuza na posta. Toa gharama zote za uthibitisho. Kinachobaki, kilinganishe na bei utakayopewa leo bila uthibitisho. Ikiwa hakizidi, acha.

Tuijaribu kwa ile ya Wisconsin, sarafu yangu iliyo bora. Dola 85, toa ada 11, toa posta 5, zinabaki 69. Gharama ya uthibitisho kwa kila moja, 355 gawa kwa sita, ni karibu 59. Zinabaki 10. Bila uthibitisho ningepata 60. Yaani hata ile sarafu iliyofaulu, ilinipotezea dola 50.

Sasa tuchukue sarafu nyingine ya kuwaza. Bila uthibitisho watu wanaiogopa, wanatoa 300 tu. Ikiwa na uthibitisho inafika 700. Toa ada 91, toa posta yenye bima 20, toa gharama 70, zinabaki 519. Hiyo tuma hata kesho.

Tofauti ya hizo mbili inatoka wapi? Mzee alinieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwenye video yoyote: mnunuzi analipia uthibitisho pale ambapo macho yake hayatoshi. Ile senti ya 1943 ya shaba, watu wanapaka senti ya chuma rangi ya shaba, wengine wanachonga namba 8 ya 1948 ili ifanane na 3. Ile ya 1955 nayo ina bandia. Hakuna atakayekulipa maelfu kwa kuona tu. Hapo kisanduku kinaondoa woga, na woga ulikuwa unakula nusu ya bei. Lakini sarafu iliyokaa pembeni kidogo, yenye pengo dogo, kila mtu anaona kwa macho yake kwamba ni kosa. Hakuna woga wa kuondoa. Plastiki haimuongezei mnunuzi kitu, basi na yeye hakuongezei pesa.

Maswali manne mbele ya kulipa

Moja: kosa limetoka kiwandani kweli? Pima uzito. Senti ya Marekani ya zinki ni gramu 2.5, ile ya shaba ya mbele ya 1982 ni 3.11. Senti 5 ni gramu 5, senti 25 za siku hizi ni 5.67. Kwa zile za 1943, tumia sumaku: ikinasa, ni chuma kilichopakwa rangi.

Mbili: kosa lina jina na liko kwenye orodha ya kampuni unayotaka kutumia? Orodha ziko kwenye intaneti bure. Kama haliko, usitume.

Tatu: sarafu yenye kosa hilo hilo na hali hiyo hiyo imeuzwa ngapi? Nimesema imeuzwa, sikusema inaombwa. Mtu anaweza kuandika senti yake dola 10,000 na ikakaa pale miaka mitano. Angalia mauzo yaliyomalizika, ya siku za karibuni. Mwaka 2007 zilitoka sarafu za dola moja za George Washington bila maandishi ya ukingoni. Siku za kwanza watu walizinunua kwa mamia ya dola. Kisha ikajulikana kwamba ziko makumi ya maelfu, bei ikaanguka upesi. Aliyehesabu kwa bei ya wiki ya kwanza alilia.

Nne: ukitoa gharama zote, unabaki na zaidi ya bei ya leo? Mimi siku hizi nimejiwekea kipimo changu: kama tofauti ya bei haizidi gharama mara mbili, siitumi. Pointi zinaweza kutoka chini ya ulivyotarajia, lazima uache nafasi ya kukosea.

Kuna watu wanaothibitisha bila kutafuta faida, kwa kupenda tu, au kwa kutunza sarafu ya marehemu baba. Hakuna ubaya, ni kama kununua fremu ya picha. Lakini itoe kwenye pesa ya kujifurahisha. Usiitoe kwenye minervali ya mtu. Na kwa kosa dogo, katoni ndogo yenye dirisha la plastiki inatosha, ni senti chache tu.

Na sisi wenye sarafu za mababu?

Wengi wetu tulizaliwa tukikuta noti tu. Faranga ya Kongo ilipokuja 1998, hata santimu zilikuwa za karatasi. Lakini neno letu makuta lilitumika kwenye pesa ya 1967, ambapo zaire moja ilikuwa makuta 100. Nyumba nyingi zina kopo la bibi lenye sarafu zenye tundu katikati za wakati wa Wabelgiji, au zile za Katanga za 1961 zenye ule msalaba wa shaba. Mtu akiona tundu haliko katikati sawasawa, anauliza kama ni kosa la bei.

Hesabu ni ile ile. Tundu lililosogea kidogo ni kosa dogo. Sarafu yenyewe nyingi zake ni dola chache tu. Kuituma Amerika au Ulaya kutoka Goma au Lubumbashi kwa njia salama kunaweza kupita bei yake mara kadhaa, mbele hata ya kumlipa aliyeiangalia. Itunze kavu, usiisugue, waulize wazee ilitoka wapi, uandike. Ukiwa na ile faranga 5 ya dhahabu ya Katanga, hapo ni mambo mengine, dhahabu yenyewe ni bei.

Narudi kwa mudogo wangu. Alinipigia, nikamwambia aweke simu karibu na sarafu, aiguse na mwanga wa pembeni. Kivuli cha tarehe kilikuwa bapa, chini, kama ngazi. Nikamwambia: "Nenda kwa wale wanaonunua dhahabu, mizani yao inasema kweli. Omba wakupimie." Akaenda. Wakamcheka kidogo, wakampimia. Gramu 2.5. Senti ya kawaida ya zinki, mashine iliteleza.

Akanyamaza kwenye simu. Kisha akasema: "Basi, yaya, yule mutu angekula dola zangu 50?"

"Angekula. Na mwezi ujao angekuomba 100 ya duane."

Nilimwambia pia habari ya sarafu zangu sita, alikuwa haijui. Dada yetu hakuwahi kumwambia. Zile 50 aliziongeza kwenye balo ya wiki iliyofuata. Ile senti ameiweka kwenye kiboksi cha kiberiti, anasema ni ya kuwaonyesha wengine watakaoletewa habari ya dosie.

Ukiletewa wewe, mpigie mtu mbele ya kulipa. Tuko pamoja.